Waliosoma Usiku wa Usukuma

Mwizi wa ng'ombe aliyeijua kazi yake hakuiba katikati ya wilaya. Aliiba kandokando ya mpaka, ili kabla ya jogoo wa pili mifugo iwe imeshaingia mkoa mwingine, kwa kamanda mwingine wa polisi na hakimu mwingine. Kharumwa imekaa mahali pa shughuli za namna hiyo. Leo ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, Mkoa wa Geita, lakini mkoa wenyewe ulianzishwa Machi 2012. Kabla ya hapo eneo hili lilihesabiwa Mwanza. Ukishuka kusini unaingia Msalala na Kahama. Ukielekea mashariki unaikuta Misungwi na Shinyanga Vijijini. Mtu wa Nyugwa au wa Bukwimba anaweza kuwa na mashemeji katika mikoa mitatu. Ng'ombe wa mahari wamekuwa wakivuka mistari hiyo tangu enzi za watemi, watawala wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi, na ng'ombe wa wizi wakapita njia zile zile.

Hapo mpakani ndipo anapoanzia kazi mwanajiografia wa siasa. Shuleni tulifundishwa jiografia ya mvua, miinuko ya ramani na mazao ya biashara. Wachache waliambiwa kwamba fani hiyo ina tawi jingine, linalouliza nani anaamrisha kwenye ardhi hii, amri yake inakomea wapi, na pale inapokomea nani ameshika silaha. Mwaka 1976 Mfaransa Yves Lacoste alichapisha kitabu akidai kwamba jiografia, kabla ya jambo lingine lolote, hutumika kupigana vita. Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Miaka minne kabla yake alikwenda Vietnam Kaskazini, akaonyesha kwa ramani jinsi mabomu ya Marekani yalivyokuwa yakiangukia kingo za kuzuia mafuriko kwenye bonde la Mto Mwekundu, mahali ambapo ukuta ukibomoka vijiji vingi huzama.

Huku kwetu hakukuwa na ndege za kivita. Kulikuwa na pinde, mishale, filimbi na dawa. Kulikuwa na sungusungu.

Vijiji vya mpakani mwa Nzega na Kahama, yaani mpakani mwa Mkoa wa Tabora na wa Shinyanga, ndivyo vilivyoanzisha jeshi hilo la wananchi kati ya 1981 na 1982. Ndani ya muda mfupi likaenea Usukuma na Unyamwezi kote. Ukitaka kujua kwa nini wakati ule na mahali pale, unalazimika kurudi nyuma hatua kadhaa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utemi, na mahakama za jadi zikaondoka nao. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji: watu waliozoea kuishi kwa kutawanyika, kila mji na malisho yake, wakakusanywa kwenye vijiji vya mistari, jirani na watu wasiojuana nao. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada ya vita bunduki zikawa nyingi kuliko zamani. Ng'ombe wakaanza kuondoka kwa makundi. Polisi walikuwa mbali, wachache, hawana mafuta ya gari, na wananchi wengi waliamini kwamba baadhi yao wanagawana na wezi. Mtuhumiwa aliyepelekwa kituoni Jumatatu alionekana gulioni wiki hiyo hiyo.

Mtu aliyekuwa tayari kulielewa jambo hilo lilipozuka alikuwa Mwingereza aliyeanza kutembea Unyamwezi mwaka 1957, wakati watemi bado wamekalia viti vyao. Ray Abrahams alikuwa mwanaanthropolojia wa Cambridge, na kitabu chake kuhusu mfumo wa siasa wa Unyamwezi kilitoka 1967, miaka minne baada ya utemi kufutwa. Wengi wangeona kwamba kazi ya miaka kumi imekuwa historia tupu, wakahamia somo jingine. Abrahams aliendelea kurudi, akaandika tena kuhusu Wanyamwezi wa zama za Ujamaa mwaka 1981. Jarida la African Affairs lilipochapisha makala yake juu ya sungusungu mwaka 1987, alikuwa na macho ya miaka thelathini. Aliona jambo ambalo mgeni wa mwezi mmoja asingeliona: kiongozi mkuu wa sungusungu wa kijiji aliitwa mtemi. Cheo ambacho serikali ilikifuta kwa sheria kilikuwa kimerudi kwa mlango wa ulinzi, kikakaa pamoja na vyeo vya zama mpya, kamanda na katibu.

Tazama sungusungu walivyofanya kazi, kwani ramani yao imo humo humo. Mwenye boma akigundua zizi liko wazi usiku, hupiga mwano, yowe lile la Kisukuma la kuomba msaada. Jirani akilisikia analipokea na kulipeleka mbele, na kijiji cha pili kinalipokeza cha tatu. Wanaume hutoka na pinde na mishale, wengine hukimbilia vivukoni na kwenye njia za ng'ombe, wengine hufuata nyayo. Anayelala ndani wakati mwano unapita atakuja kujibu mbele ya wenzake, na faini yake inajulikana. Asubuhi katibu hufungua kaunta buku na kuandika: nani alitoka, nani hakutoka, ng'ombe wa nani wamepatikana wapi. Mlalamikaji na mlalamikiwa husikilizwa kwenye mkutano wa hadhara, dagashida, chini ya mti, na adhabu nzito kuliko faini ni kutengwa. Mtu aliyetengwa hasalimiwi, hauziwi chumvi, haruhusiwi kisimani, na akifiwa hakuna anayeshika jembe kumchimbia kaburi.

Kwa hiyo mpaka wa jeshi hili ulikuwa pale mwano unaposikika, na si pale wizara ilipochora mstari. Polisi wa wilaya moja walihitaji kibali na gari kuingia wilaya nyingine, yowe halikuhitaji. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililowapa sungusungu nguvu kuliko mishale yao, na ndilo linaloeleza kwa nini walizaliwa mpakani, mahali ambapo dola mbili ndogo zilikuwa zimepeana mgongo.

Jambo la pili ambalo Abrahams na waliomfuata walilikuta ni dawa. Waganga walikuwa na sehemu kubwa katika kuanzisha vikundi hivi. Waliojiunga waliapishwa, wakapewa kinga dhidi ya risasi na dhidi ya wachawi, kwa imani kwamba mwizi naye ana mganga wake. Hakuna mahali ambapo siasa, silaha na imani viliwekwa kwenye vyumba tofauti. Waliosoma historia ya Maji Maji watatambua jambo hilo mara moja: mwaka 1905 Kinjekitile Ngwale aliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali ya kusini kwa maji ya dawa, kazi ambayo hakuna mtawala wa kusini aliyewahi kuiweza. Gilbert Gwassa alipowahoji wazee wa huko kwa ajili ya tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba dawa ile ilikuwa pia mpango wa siasa. Huko Kongo mashariki wapiganaji wa Mai-Mai wamebeba hadi leo jina la maji wanayonyunyiziwa.

Abrahams alikuwa mgeni. Aliyelichukua suala hili kwa upande wa sheria alikuwa Mtanzania, Sufian Bukurura, mwanasheria aliyeandika tasnifu yake ya Cambridge kuhusu sungusungu katika miaka ya 1990. Swali lake lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana: serikali inayodai kuwa yenyewe tu ndiyo yenye haki ya kukamata, kuhukumu na kuadhibu, inafanyaje wananchi wanapoanza kukamata, kuhukumu na kuadhibu, tena kwa mafanikio? Polisi waliwashitaki sungusungu mahakamani kwa kuua na kutesa. Viongozi wa chama, Mwalimu Nyerere akiwa mmoja wao, waliwaona kuwa nguvu ya umma na wakawakingia kifua. Mvutano huo ulimalizwa na Bunge mwaka 1989, kwa mabadiliko ya sheria za mgambo yaliyowapa sungusungu nafasi karibu na ile ya mgambo. Tangu hapo mtemi wa kijiji, aliyepata cheo chake kwa kiapo na dawa, alikuwa na kivuli cha sheria ya Jamhuri juu yake.

Rais aliyekuwa madarakani mwaka huo ni Ali Hassan Mwinyi, na jina lake lina historia yake Shinyanga. Mwaka 1976 serikali ilianzisha msako mkubwa mikoa ya Mwanza na Shinyanga dhidi ya wauaji wa vikongwe walioshukiwa uchawi. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowahoji. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumtesa mtu yeyote, lakini mwaka 1977 alijiuzulu akibeba dhamana ya yaliyofanywa na walio chini yake. Uamuzi ule unatajwa hadi leo kila inapozungumzwa aibu ya kiongozi na wajibu wake. Ni nadra, hata hivyo, kusikia ukitajwa pamoja na mambo mawili ya kabla na baada yake: vikongwe waliokuwa wanauawa, na sungusungu waliokuja miaka michache baadaye kujaza pengo ambalo dola, baada ya fedheha ile, ilisita kulikaribia.

Vikongwe hao walipata mtafiti wao katika Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye tasnifu yake ya Minnesota ya 1993 ilihusu mauaji ya wachawi Tanzania. Takwimu alizozifanyia kazi zinatisha: kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa Usukuma. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, macho ambayo yalikuwa mekundu kwa sababu bibi amepika miaka hamsini kwa moshi wa samadi na mabua katika nchi iliyokwisha miti. Mesaki aliwaandika wahanga kama watu wenye mashamba na warithi wanaogombea mashamba hayo. Baada ya Operesheni Vijiji, mjane aliyekuwa akiishi pembeni na shamba lake alijikuta amebanwa na majirani wanaomtazama kila asubuhi.

Hapa lazima niseme ninavyoamini. Sungusungu waliwarudishia maskini ng'ombe wao na usingizi wao, na ninaomba msomaji wa mjini asilichukulie jambo hilo kuwa dogo, kwa sababu ng'ombe wa Msukuma ni benki, mahari na chakula cha mwaka wa njaa. Ni jeshi hilo hilo, mahali pengi, lililowaburuza akina mama wazee mbele ya mkutano, likawafukuza vijijini au kuwafanyia mabaya zaidi. Sifa zote mbili ni za kweli na moja haifuti nyingine. Mtafiti anayeandika ya kwanza tu anawapamba, na anayeandika ya pili tu hataeleza kamwe kwa nini wananchi waliwapenda.

Kisha dhahabu ikabadilisha nchi. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu, jirani kabisa na Nyang'hwale, ukafuata 2001. Kandokando yake wachimbaji wadogo wakamiminika kila palipotokea rashi, yaani mbio za dhahabu: maduara ya kuchimbia, matimba ya kuyazuia yasiporomoke, karasha za kusaga mawe, mialo ya kuchenjulia, zebaki mkononi. Watu wasiojuana kwa ukoo wala kwa kijiji wakajikuta wamelala kwenye maturubai mamoja, na bahati ikawa ndiyo sheria. Mmoja anachimba miezi sita hapati kitu, mwenziwe wa duara la pili anapata utajiri kwa wiki. Tofauti hiyo inataka maelezo, na mganga yuko tayari kuyauza.

Deborah Bryceson, mwanajiografia aliyesoma fani hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye kufundisha Glasgow, aliandika mwaka 2010 pamoja na Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington makala iliyounganisha uchimbaji mdogo, uganga na mauaji ya watu wenye ualbino. Hoja yao iliwakataza wasomaji kusema kwamba huu ni ushenzi wa kale. Mauaji yale yalikuwa mapya, yamezaliwa na soko jipya, kwenye maeneo ambayo pesa huja ghafla na jamii bado haijawa jamii. Kufikia 2015 zaidi ya watu 70 wenye ualbino walikuwa wameuawa nchini katika muda wa miaka kumi na mitano hivi, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyotajwa zaidi. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi; Machi mwaka huo serikali ikaitisha kura za siri ili wananchi wawataje wauaji. Ukiwa umesoma habari za sungusungu utaona mara moja asili ya wazo hilo la kura: serikali ilikuwa inarudi kwenye mkutano wa kijiji kuomba kile ambacho upelelezi wake haukukipata.

Siasa ya dini, kwa maana ya misikiti na makanisa, nayo ilifika. Februari 2013, huko Buseresere, wilaya ya Chato, ugomvi kuhusu nani ana haki ya kuchinja nyama inayouzwa kwa umma uligeuka kuwa mapigano, na mchungaji mmoja wa kanisa la kipentekoste akauawa. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kwamba mchinjaji wa buchani ni Mwislamu, ili kila mtu aweze kula. Hakuna aliyeiandika kama sheria na hakuna aliyeona haja. Miji ya dhahabu ilipokua, makanisa mapya yakafunguliwa kila mtaa, kila moja na waumini na mahesabu yake, na desturi iliyobebwa na watu wanaojuana ikawaelemea watu wasiojuana. Sijaona bado kitabu kinachoichora ramani hiyo, kuanzia machinjio hadi gulio, na hicho ndicho kitabu ninachotamani kijana wa Geita akiandike.

Wakongomani na wenzao wameshatuonyesha njia. Josaphat Musamba wa Bukavu, pamoja na watafiti wa nje kama Judith Verweijen na Christoph Vogel, wamefuatilia makundi yenye silaha ya Kivu kwa miaka: lipi linakaa kilima kipi, linatoza nini kwenye kizuizi kipi, linamtii nani. Upande wa Tarime na Kuria ya Kenya, Suzette Heald alifuata jinsi sungusungu walivyovuka mpaka wa kimataifa, hata Wakuria wa Kenya wakaanzisha wa kwao mwaka 1998. Huko Peru, mkoani Cajamarca, wakulima wa milimani walianzisha ulinzi wa usiku Desemba 1976 kwa sababu zile zile: wizi wa mifugo, polisi wasioaminika, mahakama ya mbali. Abrahams alizijumlisha tajiriba za namna hii katika kitabu chake cha 1998 kuhusu raia wanaojilinda wenyewe. Kazi iliyoanzia Unyamwezi ilimfundisha kuzisoma nchi nyingine.

Kazi yenyewe haina fahari kama inavyodhaniwa. Mtafiti huanza na kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Anakipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anapewa barua kwenda wilayani, wilayani anapewa ya kata, mtendaji wa kata anamwandikia mtendaji wa kijiji, na huyo anamkabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kila mhuri ni ngazi ya dola. Ni mtafiti mzembe atakayeona huo ni usumbufu tu, kwa maana barua hizo zinamwonyesha dola inavyojiona. Mtemi wa sungusungu hayumo kwenye barua hata moja. Kumfikia inabidi kukaa, kusalimia wazee kwa adabu ya Kisukuma, kuhudhuria misiba, kungoja hadi mtu aseme, "Kamwone mzee fulani." Na ukishaambiwa mambo mazito, nani alipiga, nani alifukuzwa, nani alinunua dawa, umebeba siri inayoweza kumpeleka mtu kitanzini au kumfanya achomewe nyumba. Majina hubadilishwa, na vijiji hufichwa. Ndiyo maana taaluma hii haiwezi kufanywa kwa safari ya wiki mbili na dodoso la maswali arobaini.

Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya maarifa haya imelala Cambridge, London na Minnesota, kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kitongoji cha Kharumwa hawezi kuisoma. Wakati huo huo ushahidi wenyewe unaoza. Kaunta buku za makatibu wa sungusungu wa miaka ya 1980 ziko kwenye masanduku ya chini ya vitanda, zinaliwa na mchwa, au zimeshawashiwa moto wa jiko. Wazee walioapishwa mwaka 1982 wakiwa vijana wa miaka ishirini na tano sasa wanakaribia sabini. Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alikusanya sheria na mila za Wasukuma, na karatasi zake zimehifadhiwa vizuri kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Serikali ya mkoloni ilijiwekea kumbukumbu za watu wetu kwa sababu ilitaka kuwatawala. Sisi tuna sababu bora zaidi, na hatujafanya hata nusu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Halmashauri ya Nyang'hwale itenge chumba na kabati la chuma, iwaombe makatibu wa zamani wa sungusungu daftari zao, izinakili na kuwarudishia. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Mwanza, ng'ambo ya maji tu. Kiwalete wanafunzi wake wakae vijijini mwaka mzima, si likizo. Makumbusho ya Bujora, yanayotunza ngoma na viti vya watemi waliofutwa 1963, yatafute nafasi ya filimbi na kiapo cha watemi wa 1982. Na wewe msomaji, kama babako au babu yako aliwahi kuwa kamanda, katibu au mganga wa kikundi, au kama bibi yako aliwahi kuhamishwa usiku kwa kusingiziwa, keti naye Jumapili hii, uandike anachosema kwa lugha anayoisema, na uandike tarehe.